Kitanda cha Dirishani

Huku kwetu mwanamke akishazaa, jina lake linawekwa kando. Anakuwa mama ya fulani mpaka azikwe. Tata Kamene, bibi ya anko wangu Njau, hakuzaa, na jina lake lingebaki Kamene tu kama si mama yangu. Siku moja mama alisimama katikati ya ploti yao pale Ruiru, miwani ya jua ameipandisha kichwani, akasema mbele ya wapangaji wote:

"Si basi tumwite Mama Karavani? Maana hiyo ndiyo amezaa."

Watu walicheka. Hata Tata alicheka. Halafu alichukua debe la majivu na waya wa kusugulia, akaenda kusugua ubavu wa karavani yao, nyumba ndogo ya magurudumu, ambao tayari ulikuwa unang'aa, na hakurudi kuketi na sisi mpaka tulipoondoka. Nilikuwa mdogo lakini niliona vile mkono wake ulikuwa unaenda. Jina lilishika siku hiyo hiyo. Baadaye hata yeye akibisha mlango wa mtu na kuulizwa ni nani, alijibu, "Ni mimi, Mama Karavani."

Mambo ya kabla ya hapo alinisimulia mwenyewe tukiosha vyombo, kwa sababu Tata akishika sufuria mdomo wake unafunguka.

Alitoka upande wa Machakos akiwa msichana, akaja Thika kupanga matunda ndani ya mikebe kwa kiwanda kimoja cha Eneo la Viwanda. Anko Njau alikuwa fundi wa mashine kwa kiwanda cha nguo kilichokuwa ng'ambo ya barabara. Walikutana kwa kibanda cha chai, wakaoana bila sherehe, wakapanga chumba kimoja kwa mtaa wa mabanda wa Kiandutu. Cucu, yaani mama yao Njau na mama yangu, hakumtaka. Alisema wasichana wa kupika wamejaa hapa nyumbani, kulikuwa na haja gani kwenda kumtafuta mwingine Ukambani? Miaka ikapita, mtoto hakuja, na Cucu akafa bado anamuuliza Njau anangoja nini.

Karavani ilikuja kwa njia ya kazi. Jumapili Anko alikuwa anaitwa kwa shamba moja la kahawa kutengeneza mashine ya kumenya kahawa. Siku moja msimamizi hakuwa na pesa ya kumpa. Akamwonyesha kitu nyuma ya ghala, kimefunikwa na majani, kuku wametaga ndani. Ilikuwa nyumba ndogo ya alumini yenye magurudumu, mgongo umeviringwa kama yai, ya Mzungu aliyekuwa akisafiri nayo zamani kabla ya uhuru. "Chukua hiyo," msimamizi akasema, "ama uache."

Tata aliniambia alilia alipoiona ikivutwa kuingia Kiandutu. Alidhani bwana yake amepata wazimu. Haikupita kwa vichochoro, ikabaki kando ya barabara, na watoto wakawa wanaipiga mawe kusikia inavyolia. Tata alitoka kuwafukuza. Akiwa pale akaingia ndani, ili tu aone. Kulikuwa na kabati ndogo ndogo zenye vishikio vya shaba, meza ya kukunja, jiko la vichwa viwili, na chini ya dirisha kubwa la nyuma, kitanda. Kila kitu kilikuwa na mahali pake. Yeye alikuwa analala kwa chumba ambacho ndoo, jiko na kitanda vilikuwa vinapigania nafasi. Akaketi pale kwa kitanda, kwa mavi ya kuku, mpaka Anko akamkuta.

"Umeonaje?" Anko akauliza.

"Lete maji," Tata akasema.

Ndivyo ilivyoanza. Kwenye droo walikuta kitabu cha picha za karavani za zamani, na jioni walikuwa wanakifungua mezani kama vile wengine wanafungua Biblia, wanabishana ni gani nzuri, ile ya matako marefu ama ile fupi. Waliacha nyama. Tata aliacha hata kwenda kusukwa nywele. Hawangeweza kukaa nayo Kiandutu, kwa hivyo walihama kwa ajili yake, wakapanga nyumba moja ya mabati na kiwanja kwa ploti ya mzee Gerishon kule Ruiru, mahali ambapo ukisimama unaona paa nyekundu za Membley, mtaa wa wenye pesa. Anko sasa alikuwa anaamka na giza kwenda kazini Thika. Hakulalamika.

Unajua vile mwanamke wa huku anasugua sufuria nje mpaka aone uso wake, ili mgeni akiingia jikoni ajue ameingia kwa nani? Hivyo ndivyo Tata alivyoisugua karavani. Majivu, waya, kitambaa chenye mafuta kidogo, kila Jumamosi. Ndani aliweka vitambaa vya kufuma juu ya kila kitu, hadi juu ya jiko. Kitanda cha dirishani alikitandika shuka ya maua ya zambarau, na hicho kitanda hakikulaliwa na mtu. Wenyewe walilala kwa nyumba ya mabati. Jumapili moja moja Anko aliazima pikapu, wakaivuta karavani mpaka kwa maporomoko ya Fourteen Falls, wakafungua mapazia, wakanywa chai wakiangalia maji, wakarudi. Hata huko hawakulala ndani.

Kisha ikaanza kuwalipa. Zubeida, mwenye duka la vitambaa pale Thika, aliiona barabarani akataka binti ya jirani yake siku ya harusi avalie humo ndani, pale uwanjani pa sherehe, na apigwe picha mlangoni. Watu waliipenda. Wengine wakaja kuikodi. Anko akapata moyo, akaanza kujenga ya pili kwa mikono yake, mpya lakini kwa umbo lile la zamani, mgongo wa yai. Alikunja vyuma mwenyewe, akanunua karatasi za alumini moja moja, akaziweka chini ya nailoni pale kiwanjani ili zisikwaruzwe. Walikuwa wanaiita "huyu mdogo". Nilisikia Tata akimwambia Anko, "Huyu mdogo tumpake rangi ya krimu huku chini," na sauti yake ilikuwa laini kuliko ninavyoweza kuandika.

Mama yangu, Idah, alikuwa anaishi Membley wakati huo. Baba alikuwa na kazi ya ofisi na gari. Mama alikuwa mrembo na mdomo wake ulikuwa unakata. Akija kwa kaka yake alikuwa anaketi kwa ncha ya kiti ili rinda lisishike vumbi, na kabla ya kuondoka lazima aulize, "Sasa hii nyumba ya magurudumu, mnangoja kuhamia wapi? Mombasa?"

Halafu baba akafa. Alikonda akafa, na ugonjwa haukutajwa. Ndugu zake walikuja na lori, wakachukua gari na viti na hati, wakabadilisha kufuli. Mimi nilitoka shule nikiwa darasa la nne. Tulikaa hapa na pale mpaka marafiki wa mama wakaisha. Kufika mwaka ule wa mvua ya El Nino, mama naye alikuwa amekonda, na hapakuwa na pengine pa kwenda ila kwa kaka yake.

Tulifika mchana, tumelowa. Tata alisimama mlangoni akatuangalia, akamwangalia mama zaidi.

"Mama Karavani," mama akasema akijaribu kucheka. "Umetunenepea."

"Ingieni, mvua isiwamalize."

Nyumba ya mabati ilikuwa chumba kimoja na pazia katikati. Mama alikuwa anakohoa na tumbo lilikuwa linamsumbua. Jioni ile alisema mwenyewe, bila kuzungukazunguka:

"Njau, niweke kwa ile karavani. Pale dirishani. Nikiwa nimelala nitaona nyumba yangu."

Anko aliangalia chini. Tata ndiye alijibu.

"Kitanda cha dirishani hakilaliwi."

"Kinangoja nani?"

"Watu wanaikodi, Idah. Bibi harusi wanavalia pale. Nikiruhusu ulale, nitatoa hiyo harufu na nini?"

"Majivu," mama akasema. "Si uko nayo mengi."

Tuliwekwa stoo. Ilikuwa banda la mbao nyuma ya choo, mahali kuku walikuwa wanalala, na kuku hawakutolewa, walihamishiwa upande mmoja. Anko alitandika mbao juu ya mawe, akaweka godoro. Sitaki mtu aseme Tata hakumtunza mama. Alimpikia uji, alimwosha kwa mikono yake wakati wanawake wengine wa ploti walikuwa wanapita mbali na kamba yetu ya nguo. Uji hakumnyima. Alimnyima kitanda.

Na stoo ilikuwa inavuja. Maji yalikuwa yanaingia kwa kichwa na kwa miguu, mimi nikihamisha sufuria kutoka hapa kwenda pale. Mama alimwambia kaka yake, "Hizo karatasi zako za alumini ziko kavu kuliko mimi." Anko akasema atatafuta mabati ya zamani. Kweli alileta kipande kimoja chenye matundu ya misumari, akakipigilia. Karatasi za alumini zilibaki pale chini ya nailoni, hatua chache tu kutoka mlangoni petu. Ungezitoboa misumari zingefaa nini tena kwa huyu mdogo?

Mama hakunyamaza. Asubuhi akisikia Tata akipita na debe lake, alikuwa anaita kutoka ndani, "Mama Karavani! Mtoto ameamkaje? Amenyonya?" Tata alikuwa anapita tu. Siku moja alisimama akajibu, "Ameamka mzuri, Idah. Kavu kabisa." Mama alicheka mpaka akashikwa na kikohozi, na nikajua hilo amelikubali kama mtu anavyokubali ngumi nzuri.

Siku moja Tata alienda sokoni Ruiru. Mvua ilikuwa imeacha kidogo. Mama akaniambia, "Kui, nishike." Sikuuliza twende wapi. Alikuwa mwepesi kama nguo. Tulipita choo, tukapita vyuma vya huyu mdogo, tukafika kwa kidaraja cha kupandia karavani. Alikanyaga kwa mguu mmoja, usio na kiatu, wenye matope. Mlango ulikuwa wazi kwa sababu Tata alikuwa ameiacha ipate hewa. Kutoka pale aliona shuka ya zambarau, na ng'ambo, kwa dirisha, paa za Membley zilizooshwa na mvua.

"Ile ya tatu," akasema. "Ile yenye mti."

Anko alitoka nyuma yetu. Siku hiyo kiwanda kilikuwa kimewarudisha nyumbani. Hakupiga kelele. Alimwinua mama mikononi kama mtoto na kusema, "Wacha, Idah. Wacha tu. Mvua ikiisha nitakuwekea mahali." Mama aliweka kichwa chake kwa bega la kaka yake, wakarudi stoo hivyo. Baada ya kumlaza, Anko alitoka, akapiga magoti kwa kidaraja, akafuta alama ya mguu kwa mkono wa shati lake. Alifuta vizuri, pande zote. Kisha akafunga mlango na kufuli.

Mvua haikuisha. Mama alikufa asubuhi Tata akimletea uji.

Watu walikuja kwa matanga, wengi wa kanisa, na mvua ikawashikia pale pale. Nyumba ya mabati ilijaa. Pasta alikuwa na suti, hakukuwa na mahali pa kumkalisha mtu wa heshima. Tata akasimama, akatoa ufunguo, akafungua karavani. Pasta aliketi kwa kitanda cha dirishani. Mimi ndiye nilipeleka maji ya kunawa mikono. Alikula kuku mmoja wa wale tuliokuwa tunalala nao.

Mama mmoja wa kanisa aliingia, akapapasa vitambaa, akaangalia shuka na dirisha.

"Kumbe ni hapa Mama Kui alikuwa analala?" akasema. "Haki ya Mungu, huyo mama alikuwa na bahati. Nani siku hizi anaweza kumpa mgonjwa kama huyo mahali kama hapa?"

Tata alikuwa ameshika chupa ya chai. Aliniangalia, kisha akamiminia pasta.

"Tulijaribu," akasema.

Neno lilitoka kwa karavani likaenda mbio. Makaburini pasta alilisema mbele ya watu wote, kwamba familia hii ilimpa dada yao kitanda chao kizuri kabisa, akafia mahali safi. Watu wakaitikia. Anko hakuinua kichwa. Tata alilia kwa sauti, na sidhani alikuwa anaigiza. Kwa mara ya kwanza tangu aolewe watu wa upande wa Njau walikuwa wanamsifu. Shangazi mmoja wa upande wa Cucu alimshika mkono akamwita binti yetu.

Wiki haikuisha kabla sifa haijageuka. Watu wa huku walikuwa hawaingii kwa nyumba ambayo mtu amefia humo hivi hivi, hata waliookoka walikuwa wanaombea kwanza, na kwa ule ugonjwa hata maombi waliona hayatoshi. Watoto waliambiwa wasiguse karavani. Walikuwa wanashindana nani atakimbia akaigusa na kidole, halafu wanamfukuza huyo aliyegusa. Wanawake waliokuwa wanaomba kuchungulia ndani walianza kuzungukia upande wa pili wa ploti. Mtu wa kwanza akatuma habari kwamba harusi imeahirishwa. Wa pili hakutuma habari.

Kisha Zubeida akaja mwenyewe kutoka Thika. Harusi ya binti yake Hayat ilikuwa karibu, na malipo yake ndiyo Anko alikuwa anangojea ili amalizie huyu mdogo. Alisimama mbali na karavani, mkoba ameukumbatia.

"Mama Karavani, pole kwa msiba. Nimekuja tuambiane ana kwa ana, si vizuri kutumana. Hayat ni binti yangu wa pekee."

"Mama Hayat, iko safi. Nimeisugua. Njoo uone."

"Najua wewe ni msafi. Lakini mtu amefia humo, na nimesikia alikuwa anaumwa nini. Siwezi kumvalisha mtoto shela hapo."

Wapangaji walikuwa wametoka milangoni. Mzee Gerishon alikuwa ameketi kwa kiti chake akijifanya anachokoa meno. Tata aliwatazama wote mmoja mmoja, kisha akaiangalia karavani, na nikaona ameamua.

"Hakufia humo!" akasema kwa sauti. "Hakulala humo hata siku moja! Sikumruhusu. Alilala stoo. Hapo nyuma, na kuku. Muulize Njau!"

Kuku mmoja alikuwa anapekua karibu na miguu ya Zubeida.

"Stoo gani?" Gerishon akauliza. "Hiyo yangu inayovuja?"

"Hiyo."

"Dada ya bwana yako?" Zubeida akasema polepole. "Na mvua hii?"

"Sasa tuamini gani," mama mmoja akaropoka kutoka mlangoni, "ile ya kaburini ama hii ya leo? Si mlilia mkikubali?"

Anko alikuwa amesimama kando ya vyuma vyake. Walimgeukia. Akaanza kukwangua kutu kwa kidole. Basi Zubeida akanigeukia mimi.

"Wewe msichana huwa husemi mengi. Kwa hivyo niambie. Mama yako alikuwa analala wapi?"

Tata aliniangalia. Sijawahi kuangaliwa vile na mtu, si kabla wala baada. Mikono yake ilikuwa na majivu hadi kwa viwiko. "Kui," akasema. "Kui, waambie. Mwonyeshe godoro."

Godoro lilikuwa limechomwa na wote walijua. Niliangalia karavani. Dirisha la nyuma lilikuwa limeshika jua.

"Pale," nikasema. "Kwa kitanda cha dirishani. Alikuwa anaona Membley."

Zubeida akamwambia Tata, "Aibu si kumtunza mgonjwa. Aibu ni kumkana akishakufa kwa sababu ya harusi." Akaenda zake. Milango ya wapangaji ikafungwa mmoja baada ya mwingine. Tata aliketi kwa kidaraja na hakuniambia kitu. Mpaka leo hajaniambia kitu juu ya hilo, na mimi sijamuuliza.

Hakuna aliyeikodi tena. Gerishon alisema wapangaji wanatishia kuhama, iondolewe ama watoke nayo. Anko alijaribu kuiuza mpaka Juja, lakini habari ilikuwa imemtangulia. Mwishowe waliokubali ni vijana wa Kiandutu wanaoyeyusha alumini kutengeneza sufuria, kwa sababu, walisema, moto unaua kila kitu. Anko aliibandua karatasi moja moja mwenyewe, na alipomaliza akawapa zile mpya pia, zilizokuwa chini ya nailoni. Tata alizipanga kwa mkokoteni akiweka kitambaa katikati ya kila mbili zisikwaruzane. Kijana wa mkokoteni alimcheka: "Mathe, hizi zinaenda kuyeyushwa." Akaendelea kupanga. Vyuma vya huyu mdogo viko pale pale, kuku wanapanda juu.

Anko bado anaenda Thika kila asubuhi. Watu hawajaacha kumwita Tata Mama Karavani. Anaitika.

Vile vya ndani viligawanywa. Vishikio vya shaba vilipata mtu, na jiko pia. Kitanda hakuna aliyekitaka. Anko alikibeba usiku mmoja akakiweka stoo bila kusema ni cha nani, basi mimi ndiye ninakilalia. Shuka ya maua niliiosha kabla sijaitandika, ingawa ilikuwa safi.